Simu ya Mezani Isiyo na Nguzo: Butembo na Beni Mbele ya Sauti ya Intaneti



Huko Ulaya simu ya intaneti inazungumzwa kama habari ya kuhama. Ufaransa, kampuni ya Orange iliacha kuuza laini mpya za simu ya zamani ya mezani Novemba 2018, na waya zenyewe za shaba zimepangiwa kufungwa kufikia mwaka 2030. Ujerumani ilikwisha kuwahamisha karibu wateja wake wote mwaka 2020. Uingereza ilipanga kuzima mtandao wake wa zamani mwishoni mwa 2025, ikashindwa, ikasogeza siku hadi mwisho wa Januari 2027. Mwenye simu kwake anaambiwa aichomoe ukutani, aichomeke kwenye kisanduku cha intaneti, na aendelee na namba yake ile ile. Sisi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, tukisoma hayo tunacheka kidogo, maana kwetu hakuna cha kuchomoa. Lakini tukiishia kwenye kicheko tutapitwa na jambo linalotuhusu zaidi kuliko Wazungu hao. Wao wanabadili waya, na santrali, mtambo unaounganisha simu, wanayo tangu zamani. Sisi santrali hatuna, na simu ya intaneti ndiyo njia ya kwanza ya kuipata kwa bei ambayo hospitali, shule au nyumba ya biashara ya miji hii inaweza kuilipa. Hoja yangu ni hiyo. Naiongezea sharti moja, ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: unafuu wa simu hii unatokana na kampuni kuutua mzigo wa umeme mlangoni kwa mteja, kwa hiyo anayeinunua bila betri amenunua nusu ya simu.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Posta na simu za Zaire zilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, ONPTZ, baadaye ikaitwa OCPT, leo ni SCPT. Majina yalibadilika, waya zikazidi kuoza au kuibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 45 haikuwa na laini za mezani zinazofika hata laki moja, wakati Kenya, yenye watu wachache kuliko sisi, ilikuwa na takriban laki tatu. Huku mashariki kazi ya simu ilifanywa na foni: redio ya masafa marefu kwenye parokia, hospitali na depo za wafanyabiashara, mtu akisubiri saa yake ya kuita Goma au Bunia, na kila mwenye redio akisikia bei ya kahawa au habari ya msiba. Kinshasa, Miko Rwayitare alikuwa ameanzisha Telecel mwaka 1986, simu isiyo na waya kwa mawaziri na matajiri. Miaka ya 2000 zikaja Celtel na Vodacom, vikaja vibanda vya kabini kando ya barabara, na foni ikanyamaza taratibu. Watu wa maendeleo wanausifu mruko huo: Afrika iliruka waya. Ni kweli iliruka waya. Ila waya ule, kule ulikokuwapo, ulibeba kitu cha pili ambacho nacho tulikiruka.

Kitu hicho ni namba ya mahali. Simu ya mezani ilikuwa ya hospitali, na daktari, muuguzi au mlinzi wa usiku aliipokea kwa sababu yupo zamu. Simu ya mkononi ni ya mtu. Angalieni vibao vya mjini petu Butembo, kuanzia barabara kuu mpaka mtaa wa Furu: chini ya jina la kituo cha afya au la shule kuna namba tatu zilizoandikwa kwa rangi, moja ya 081, moja ya 099, ya tatu imepakwa chokaa ikasomeka nusu. Iliyopakwa chokaa ni ya mtu aliyehamishwa, au aliyegombana na mkubwa wake, au aliyepoteza kadi. Kila namba inayofutwa inaondoka na wagonjwa na wateja walioijua. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, tahadhari nyingi zilianza kwa mtu kumpigia mtu: mkuu wa mtaa kumpigia muuguzi anayemfahamu, muuguzi kumpigia daktari wa zoni ya afya. Kazi ilifanyika, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima. Lakini kinga iliyoshikiliwa na orodha za majina ndani ya simu za watu binafsi hukatika kila mmoja wao anapougua, anapohamishwa au anapoishiwa inite, yaani salio.

Simu ya intaneti inatenganisha namba na mtu, na pia inatenganisha namba na ukuta. Hilo la pili halikuwezekana kwa waya wa shaba, na kwetu lina uzito kuliko kwa Mfaransa. Tangu Goma, makao makuu ya jimbo letu, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya jimbo. Ofisi zimehama, mashirika yamehama, familia zimehama. Laini ya waya ingebaki Goma ikilia katika chumba kitupu. Namba ya intaneti hukaa kwenye mtambo wa mtoa huduma, na ofisi inaifuata popote inapopata mtandao: leo Goma, kesho Beni, keshokutwa Butembo, na anayepiga hajui kama kuna aliyehama. Katika jimbo ambalo watu wanakimbia mara kwa mara, namba inayokimbia na taasisi yake ni sehemu ya utawala. Si anasa ya mjini.

Yenyewe inafanyaje kazi? Sauti inakatwa vipande vidogo vya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kila kipande kinatumwa peke yake, na upande wa pili vinaungwa tena. Kwa njia moja inayotumika sana ya kubana sauti, kipande kina baiti 20 za sauti, lakini anwani na maelezo ya safari yanayokizunguka ni baiti 40. Bahasha ni nzito mara mbili kuliko barua. Hata hivyo jumla ni ndogo: ukihesabu kwenda na kurudi, saa nzima ya maongezi inakula mega kama 22. Ukitaka sauti safi isiyobanwa, itakula mega kama 72. Mtu anayetazama video za mpira usiku kucha anatumia zaidi ya hapo bila kuona. Kwa hiyo anayewaambia kwamba rezo yetu, yaani mtandao, ni dhaifu mno kwa simu ya intaneti anakosea kipimo. Sauti haihitaji rezo nene, inahitaji rezo isiyosita. Kanuni za kimataifa zinasema kipande kikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wanaanza kukatizana maneno. Ndiyo maana VSAT za zamani, zilizorusha sauti hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, zilichosha masikio: robo ya sekunde inapotea njiani kabla hujasikika. Setilaiti za Starlink ziko kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji huo umepungua sana. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, iliipiga Starlink marufuku mwaka 2024 kwa sababu za usalama, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Si lazima iwe Starlink. Nyuzi za mwanga za kampuni au antena ya 4G vinatosha. Muhimu ni kupima ucheleweshaji kabla ya kusaini, wakati muuzaji anapenda kutaja kasi tu.

Sasa pingamizi la kwanza, ambalo kila mtu wa Butembo analo mdomoni kabla sijamaliza sentensi: umeme. Mji huu umekua hadi ukubwa wa miji mikuu ya majimbo bila kuunganishwa na umeme wa bwawa la Inga, ukiishi kwa grupu za mafuta, kwa pano za jua, na kwa makampuni madogo ya umeme. Pingamizi hili ni la kweli, na Waingereza wamelithibitisha kwa gharama yao. Simu ya zamani ya mezani hulishwa na santrali yenyewe: volti 48 zinatoka kwenye betri kubwa za kampuni, zinapita katika waya uleule wa sauti, hivyo nyumba ikiwa gizani simu bado inalia. Simu ya intaneti hulishwa na umeme wa nyumba. Dhoruba iliyoitwa Arwen ilipokata umeme wa maelfu ya nyumba Novemba 2021, na wengine wakabaki siku nyingi bila umeme, wasiwasi juu ya simu mpya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni ya BT ilisimamisha uhamisho Machi 2022. Desemba 2023 serikali yao ilizitaka kampuni ziache kuwahamisha watu kwa nguvu, baada ya matukio mazito ya wazee na wagonjwa ambao vidude vyao vya kuita msaada vilishindwa kufanya kazi kwenye laini mpya. Msimamizi wao wa mawasiliano anadai mteja asiye na njia nyingine apewe namna ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika. Saa moja! Kwa mtu wa Vulamba au Bulengera hapa Butembo, saa moja bila umeme si habari ya kusimulia.

Lakini tufanye hesabu kwa vipimo vya hapa. Kisanduku cha intaneti, kompyuta ndogo inayofanya kazi ya santrali, na kigawanyio cha waya, vyote pamoja vinakula wati kama 20. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 480. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ile inayouzwa katika maduka ya pano mjini, inabeba wati-saa 1,200, na kwa betri ya risasi tunatumia nusu tu ili isife mapema: 600. Betri moja basi inashika siku nzima, na pano mbili za wati 100 zinaijaza tena hata kwa mawingu yetu ya milimani, isipokuwa wiki mbaya za mvua. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba tungoje umeme kwanza. Mwingereza aliyezoea umeme wa uhakika ameshtushwa na mzigo mpya. Sisi mzigo huo tunaujua: kila kituo cha afya chenye friji ya chanjo kinaujua, kila salon ya kunyolea inaujua. Tumejifunza kuhesabu betri kabla ya kujifunza kusoma faktura ya umeme. Kinachotakiwa ni betri ya simu iwe ya simu, isiazimwe kwa ajili ya redio ya harusi, na mtu mmoja awe na jukumu la kuitazama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipitia juujuu. Intaneti ya nchi hii inaweza kuzimwa kwa amri moja. Ilizimwa Januari 2015. Ilizimwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu, huku Beni na Butembo zikiwa katikati ya Ebola na kura yao ikiwa imesogezwa hadi Machi 2019. Katika majuma hayo simu ya kawaida ya mkononi iliendelea kupiga, lakini aliyekuwa ameweka sauti yake yote juu ya intaneti angekuwa bubu. Mtu akiniambia kwamba hospitali isitegemee intaneti peke yake, namkubalia kabisa. Ila hapa watu wanachanganya vitu viwili, yaani simu inayopita katika intaneti ya dunia, na simu inayotumia mbinu ya intaneti ndani ya ukuta wako. Santrali ya kisasa ni programu tu. Iliyo maarufu kuliko zote, Asterisk, ilianzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, inapatikana bure, na inakaa kwenye kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja. Ikiwekwa hospitalini, wodi ya akina mama inaipigia maabara, maabara inaipigia famasi, mlinzi wa lango anakipigia chumba cha dharura, bila mega hata moja kutoka nje na bila kumlipa mtu. Kinshasa ikizima intaneti, wodi na maabara bado zinaongea. Tena Butembo imejengwa juu ya vilima vinavyotazamana: antena mbili ndogo juu ya mapaa mawili zinaunganisha hospitali na kituo chake cha afya upande wa pili wa bonde, mradi masafa yanayotumika yawe yameruhusiwa. Kwa maongezi ya nje, santrali hiyo hiyo inachomekewa kadi mbili za simu ya mkononi, moja ya 081 na moja ya 099, ili intaneti ikizimwa simu zitoke kwa njia ya kawaida. Hapo simu ya mkononi haifukuzwi. Inawekwa mahali pake, iwe mlango mmojawapo wa taasisi.

Kuna wanaoniambia: mbona WhatsApp inatosha? Ina sauti tangu 2015, na mfanyabiashara wa hapa anaongea nayo na Guangzhou na Dubai kila asubuhi kabla ya kufungua depo. Kwa maongezi yake na mtu anayemfahamu, inatosha, na sina sababu ya kumshawishi aiache. Haitoshi kwa mama wa Lubero mwenye simu ndogo ya vitufe anayetaka kumwita daktari. Haitoshi kwa mteja asiyejua amwite nani katika nyumba ya biashara yenye wafanyakazi kumi. Na akaunti ya programu ni mali ya mwenye programu, inaweza kufungwa bila barua. Skype, iliyowafundisha watu wengi kupiga simu kwa intaneti tangu 2003, ilifungwa na wenyewe Mei 2025. Aliyekuwa ameandika jina lake la Skype kwenye kadi za biashara alibaki na kadi za kuwashia moto.

Gharama? Kaya moja ya Butembo haina sababu ya kununua huduma hii, na nasema hivyo waziwazi, ingawa matangazo ya Ulaya huiuza kwa kaya. Nyumbani kwetu simu ya mkononi imeshinda, na acheni ishinde. Faida iko pale watu wengi wanapogawana laini chache: jengo la maduka arobaini, shule yenye parokia na disipansari kwenye kiwanja kimoja, soko, chuo kikuu kama UCG. Maongezi hayatokei yote kwa wakati mmoja, hivyo maduka arobaini yanaweza kuishi na laini za nje tano au sita, na bei ya mtandao, betri na fundi inagawanywa. Mji huu unajua kuchanga. Wakati wa vita, serikali ilipokuwa jina tu, wafanyabiashara wa Butembo walichangia barabara na uwanja wa ndege wa Rughenda, na akina mama wa MUSO, vikundi vya kuweka akiba, wanajua kutunza sanduku lenye funguo tatu. Santrali ya pamoja ni mradi mdogo kuliko hiyo yote. Serikali nayo isikwepe: sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inatambua mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, na vituo vya afya vya vijijini ndivyo hasa vinavyostahili fedha zake. Najua wengi mtaguna, kwa kuwa mnakumbuka ile kodi ya usajili wa simu, RAM, iliyokatwa kwenye inite za kila mtu kuanzia 2020 mpaka kelele zilipoiondoa mwaka 2022, na wengi hawajaona ilichojenga. Kuguna huko ni haki. Ni sababu ya kudai mahesabu ya mfuko kwa maandishi, siyo ya kuuacha ugawanywe tukiwa hatupo.

Yabaki mambo ambayo fundi na mwanasheria wanapaswa kuyaona kabla ya pesa kutoka. Santrali iliyounganishwa na intaneti ikiwa na neno la siri la 1234, wezi walio mbali wataiona ndani ya siku chache na kuitumia usiku kupiga namba ghali za ng'ambo, na faktura itakuja kwako. Wizi wa namna hii unajulikana dunia nzima, na dawa yake ni kufunga simu za ng'ambo kabisa na kufungulia meza zinazozihitaji tu. Pia anayeuza sauti kwa umma lazima awe na ruhusa ya ARPTC, na katika jimbo lililo chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, antena juu ya paa isiyo na karatasi inaweza kumpeleka mwenye paa mahali asipotaka kulala. Karatasi hizo zitafutwe mapema, na nakala zikae chumba kile kile ilipo santrali. Jambo la mwisho ni mkataba wenyewe. Usomwe na mtu anayeelewa Kifaransa cha mikataba, na sehemu inayohusu namba iandikwe bila mafumbo: namba ni ya hospitali au ya mtoa huduma? Hospitali ikichoka na kampuni moja ikaenda nyingine, itaondoka nayo, kwa muda gani, kwa malipo gani? Kampuni ikifilisika, nani anaijulisha ARPTC? Kama muuzaji hataki kuyajibu hayo kwa maandishi, basi anachouza ni kile kile tulicho nacho tayari kwenye vibao vyetu, na chokaa inauzwa kwa bei ndogo zaidi.